Njia ya I2C Ikikwama: Mapigo Tisa, Riseti au Kukata Umeme?

Fungua draiva tatu za I2C zilizoandikwa na watu watatu, uangalie kinachofanyika waya wa data unapobaki chini bila kuinuka. Ya kwanza itatoa mapigo tisa ya saa, kisha itaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Ya pili itazima kidhibiti chake na kukiwasha upya. Ya tatu itakata umeme wa bodi. Waandishi wote watatu watakuambia wamefuata maelekezo, na hawasemi uongo: kila njia kati ya hizo imeandikwa katika waraka wa mtengenezaji wa chipu anayeheshimika. Anayeandika draiva yake ya kwanza hubaki ameduwaa, huchagua ile aliyoiona kwenye msimbo wa jirani, na bodi inapokwama tena kazini miezi kadhaa baadaye, lawama humwangukia mtengenezaji wa kihisi.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja. Tunasema "njia imekwama" kwa hitilafu nne au tano zisizofanana, ambazo zinashiriki dalili moja tu: mawasiliano hayaendi. Mpaka hitilafu hizo zitenganishwe, mjadala wa ipi ni dawa bora hauwezi kufika popote.

Nyaya mbili na masharti yake

I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982 ili chipu zilizomo ndani ya chombo kimoja ziongee bila bodi kujaa nyaya. Nyaya ni mbili tu. SDA hubeba data. SCL hubeba saa, yaani mapigo yanayowaambia wote kwamba biti moja imekwisha na nyingine inaingia. Kidhibiti, ambacho kwa kawaida kimo ndani ya prosesa, ndicho huanzisha mazungumzo na kutoa mapigo. Vifaa vilivyobaki, kama vile kihisi cha joto, kumbukumbu ya EEPROM au chipu ya kusimamia umeme, hujibu vinapoitwa kwa anwani.

Jambo la msingi ni jinsi nyaya hizo zinavyoendeshwa. Hakuna chipu inayosukuma waya juu. Rizista ndiyo huuvuta juu muda wote, na kila chipu ina uwezo mmoja: kuuvuta chini au kuuachia. Faida yake ni kwamba chipu mbili zikisema kwa wakati mmoja haziunguzani. Hasara yake ni kwamba chipu moja ikishika waya chini, wote wamefungwa mdomo, na ukipima volti za waya huwezi kujua aliyeshika ni nani.

Data hubadilika SCL ikiwa chini tu. SDA ikishuka wakati SCL iko juu, hiyo ni ishara ya kuanza. Ikipanda wakati SCL iko juu, hiyo ni ishara ya kumaliza. Kila biti nane hufuatwa na ya tisa, ambapo mpokeaji huvuta SDA chini kukiri kwamba amepokea. Asipoivuta, amekataa, na mtumaji anapaswa kunyamaza.

Kuna sharti moja zaidi ambalo limekosekana, na kukosekana kwake ndiko kunakotutaabisha. Vipimo vya I2C huweka kasi ya juu: kilohezi 100 hapo awali, 400 tangu 1992, megahezi 3.4 tangu 1998. Kasi ya chini havikuweka. Saa inaweza kusimama sekunde moja au wiki nzima, na kifaa kilichosimama katikati ya baiti kikisubiri mpigo unaofuata hakijavunja kanuni yoyote. SMBus, ndugu wa I2C aliyeletwa na Intel mwaka 1995, ilirekebisha hilo: saa ikishikiliwa chini kwa zaidi ya milisekunde 35, kila kifaa lazima kijirudishe mwanzo. Vifaa vingi vya I2C havikuchukua sharti hilo, na katika bodi nyingi aina zote mbili hukaa kwenye nyaya zilezile.

Inakwamaje

Hitilafu ya kawaida kuliko zote hutokea kidhibiti kinapozimika katikati ya kusoma. Tuseme prosesa inasoma EEPROM, na kwenye biti ya nne kipima-muda cha ulinzi kinaiwasha upya, au mhandisi anabonyeza riseti kwenye kifaa chake cha kutafutia makosa. Prosesa inaamka haikumbuki chochote. EEPROM haikuzimwa, kwa sababu umeme wake haukukatika. Bado imeshika biti ya sifuri kwenye SDA, inangoja mpigo. Kidhibiti kinataka kutoa ishara ya kuanza, lakini ishara hiyo ni SDA *kushuka*, na kilichokwisha kuwa chini hakiwezi kushuka. Pande zote mbili ziko sahihi, na hakuna litakaloendelea mpaka mtu aingilie.

Kisa cha pili ni cha kelele. Mota ikiwaka karibu, au nyaya zikiwa ndefu kupita kiasi, kifaa huweza kuhesabu mpigo ambao kidhibiti hakuutoa. Tangu hapo hesabu zao zinapishana kwa biti moja, na kidhibiti kinapodhani baiti imekwisha, kifaa bado kinatuma. Matokeo yanafanana na kisa cha kwanza, ila hapa hakuna aliyezimika, na hitilafu inaweza kurudi kila dakika.

Cha tatu ni tofauti kabisa: waya unaoshikwa ni SCL. Kifaa kinaruhusiwa kushikilia saa chini ili kijipatie muda wa kutayarisha jibu, na vile ambavyo ndani yake ni maikrokontrola hufanya hivyo mara kwa mara. Programu ya maikrokontrola hiyo ikifa wakati imeshika saa, hakuna mpigo utakaopita. Kidhibiti hakiwezi kupiga saa ambayo mwingine ameikalia.

Cha nne huwashangaza wengi: chipu isiyo na umeme kabisa. Daiodi zinazolinda pini zake huanza kupitisha mkondo kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye reli yake iliyokufa, na SDA na SCL zote huanguka. Bodi zenye sehemu zinazozimwa ili kuokoa betri hupatwa na hili sana.

Na cha tano si cha njia hata kidogo. Nyaya zote ziko juu, shwari, lakini kidhibiti chenyewe kinaamini kwamba njia ina shughuli. Mfano unaojulikana ni familia ya STM32F1, ambayo orodha rasmi ya kasoro zake inaeleza kwamba kichujio cha ndani cha I2C kinaweza kutoa thamani isiyo sahihi, alama ya BUSY ikabaki imewaka, na kidhibiti kikashindwa kuanza kazi. Dawa iliyotolewa na mtengenezaji ni kuzigeuza pini kuwa za kawaida, kuzichezesha juu na chini kwa mpangilio maalumu, kisha kukirudisha kidhibiti mwanzo. Utoe mapigo tisa au tisini, kama mlolongo huo haukufuatwa alama haizimiki.

Hoja ya mapigo tisa

Vipimo rasmi vya I2C vina kifungu kifupi juu ya kukwamua njia. SDA ikikwama chini, kidhibiti kitoe mapigo tisa, na kifaa kilichoishika kinapaswa kuiachia ndani ya mapigo hayo. SCL ikikwama, tumia pini ya riseti. Isipokuwapo, kata umeme. Watu wengi wameikumbuka sentensi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kwa nini tisa? Chukua hali mbaya kuliko zote: kifaa ndiyo kwanza kinaanza kutuma baiti yenye sifuri tupu. Mapigo manane yataziondoa biti nane. Kwenye la tisa kifaa lazima kiachie SDA ili kisikie kama kidhibiti kinakiri. Kidhibiti hakivuti kitu, SDA inabaki juu, kifaa kinaelewa kwamba kimekataliwa na kinajitoa. Mantiki yake ni safi na gharama yake ni ndogo mno: kwa kilohezi 100, mapigo tisa humalizika kwa takriban mikrosekunde 90. Hayahitaji waya wa ziada, hayafuti mipangilio ya kifaa chochote, na kwa hitilafu ya kwanza yanafanya kazi karibu kila mara. Ndiyo maana yamo katika kerneli ya Linux, katika U-Boot, katika Zephyr na katika maktaba ya Espressif ya chipu za ESP32.

Udhaifu wake unaanza pale unapouliza swali ambalo vipimo havikulijibu vizuri: kifaa kilikuwa kinasomwa, au kilikuwa kinaandikiwa?

Hoja yote ya mapigo tisa inachukulia kwamba kinasomwa. Lakini SDA inaweza kuwa chini kwa sababu kifaa kinakiri kupokea baiti. Tuseme kidhibiti kimetuma anwani ya kifaa, kikatuma namba ya rejista, kifaa kikavuta SDA chini kukiri, na papo hapo kidhibiti kikazimika. Sasa draiva inaamka na kutoa mapigo tisa huku SDA ikiwa imeachiwa juu. La kwanza linamaliza kukiri. Manane yaliyobaki, kwa macho ya kifaa, ni biti nane za moja: thamani 0xFF, tayari kuandikwa kwenye rejista iliyotajwa. Kwa kihisi cha joto huenda usione tofauti. Kwa chipu inayopanga volti za prosesa, umejaribu kukwamua njia na umepandisha umeme hadi mwisho wa kipimo.

Hatari hii ndiyo iliyowafanya watunzaji wa I2C katika Linux wabadilishe utaratibu wao mwaka 2018. Mfumo wa pamoja wa kukwamua, wenye kitendakazi `i2c_recover_bus`, ulikuwa umeingia kwenye kerneli mwaka 2013 ukiwa na mapigo matupu. Baada ya marekebisho, kama draiva inaweza kuiendesha SDA, SDA huifuata SCL nusu mpigo nyuma yake. Yaani SCL inaposhuka SDA nayo inashushwa, SCL inapopanda SDA inapanda baada yake, na hiyo ndiyo ishara ya kumaliza. Kila mpigo sasa unabeba jaribio la kufunga mazungumzo. Kifaa kilichokuwa kinaandikiwa husikia mwisho kabla hakijapokea baiti kamili. Kilichokuwa kinasomwa nacho husikia mwisho mara tu kinapofika kwenye biti ya moja au kwenye nafasi ya kukiri, kwa kuwa hapo hakiishiki tena SDA. Kwa maoni yangu hili ni wazo bora kuliko yote yaliyotolewa juu ya suala hili, na inasikitisha kwamba msimbo mwingi unaoandikwa kwa maikrokontrola bado hutoa mapigo matupu.

Watengenezaji wa chipu wana mitindo yao. Waraka AN-686 wa Analog Devices unashauri kupiga saa, kutazama SDA baada ya kila mpigo, na ikipanda kutoa ishara ya kumaliza. Ni rahisi kuandika, lakini una mwanya: ili utoe ishara hiyo ni lazima ushushe SCL tena, na kushuka huko kunakifanya kifaa kiweke biti inayofuata. Ikiwa ni sifuri, SDA inashikwa upya na ishara haitoki. Anayeufuata inambidi ahakikishe kwa macho ya draiva kwamba SDA kweli ilipanda, na kama haikupanda arudie. Waraka AN709 wa Microchip, ulioandikwa kwa ajili ya EEPROM, huanza na ishara ya kuanza, hutoa biti tisa za moja, kisha ishara nyingine ya kuanza, kisha ya kumaliza. Nguvu yake inatokana na kanuni kwamba kifaa cha I2C lazima kijiweke mwanzo kinaposikia ishara ya kuanza, hata ikija mahali pasipotarajiwa.

Hata ishara ya kumaliza haiji bure. EEPROM ikiwa katikati ya kupokea ukurasa, na ishara ikaangukia mwisho wa baiti, huichukua kuwa amri ya kuhifadhi: baiti zilizokwisha kufika zinaandikwa, zilizobaki hazipo. Unabaki na ukurasa nusu mpya, nusu wa zamani. Njia imekwamuka, data imeharibika, na hakuna msimbo wa kosa utakaokuambia. Anayehifadhi mipangilio muhimu kwenye EEPROM anahitaji namba ya ukaguzi kwenye kila rekodi, hata kama draiva yake haina kasoro.

Wakati wa kuanza

Kuhusu wakati wa kukwamua, kambi ni mbili. Moja husema: muda wa kusubiri ukiisha, kwamua. Nyingine husema: kwamua tu pale ambapo mwanzoni mwa mazungumzo SDA imeonekana iko chini na imebaki chini.

Kambi ya kwanza inavutia kwa urahisi wake. Draiva ina mahali pamoja pa kushughulikia makosa, na kila kosa linaishia hapo. Tatizo ni kwamba muda wa kusubiri huisha kwa sababu nyingi: kifaa kimechelewa, ukatizaji umepotea, saa ya kidhibiti imezimwa na mfumo wa kuokoa umeme. Kidhibiti cha chipu ya BCM2835, iliyoanzia kwenye Raspberry Pi ya kwanza, kina kasoro inayojulikana katika kukisubiri kifaa kinachoshikilia saa. Makosa yake hayana uhusiano na njia kukwama. Kutoa mapigo tisa kwa kila muda unaoisha ni kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kupima damu. Na mapigo yasiyo na sababu yana madhara: yanaweza kukatiza mazungumzo ambayo bado yako hai.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi penye vidhibiti viwili kwenye njia moja, jambo la kawaida katika seva, ambako prosesa ya usimamizi na prosesa kuu huweza kutumia vihisi vilevile. SDA iliyo chini hapo inaweza kuwa ni mwenzako anaongea. Kwa kuwa I2C haikuweka muda wa juu wa kukaa kimya, hakuna namba sahihi ya kuamua kwamba sasa amekufa. Walio wengi huazima milisekunde 25 hadi 35 za SMBus, na nadhani wanafanya vyema, mradi wajue kwamba wameazima.

Kambi ya pili inahitaji draiva iweze kusoma hali ya SDA na SCL kama pini za kawaida. Baadhi ya vidhibiti vina rejista ya kuonyesha hali ya nyaya. Vingine inabidi pini zigeuzwe kwa muda, na kwa Linux hilo linamaanisha kutaja `scl-gpios` na `sda-gpios` katika maelezo ya bodi. Vipo pia vyenye mashine ya kukwamua ndani yake, kama vile vya NVIDIA Tegra, ambavyo hutoa mapigo tisa vyenyewe draiva ikiomba. Ni kazi ya ziada, na watu wengi huiruka.

Arduino inaonyesha matokeo ya kutofikiria suala hili mapema. Kwa miaka mingi maktaba yake ya Wire kwa chipu za AVR ingeweza kusubiri milele njia ikikwama. Mzunguko wa `while` haukuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 2020 iliongezwa `setWireTimeout`, yenye kikomo cha kawaida cha mikrosekunde 25,000, lakini lazima mwandishi aiwashe mwenyewe. Hata akiiwasha na kuchagua riseti, kinachorudishwa mwanzo ni kidhibiti cha AVR, huku mapigo tisa hayatolewi. Programu haitaganda tena, hiyo ni kweli. SDA iliyoshikwa na kihisi itaendelea kushikwa.

Riseti na kukata umeme

Kwa SCL iliyokwama hakuna mjadala mrefu: saa haipigiki, kwa hiyo lazima aliyeshika alazimishwe. Kerneli ya Linux hukataa kuendelea ikiona SCL haipandi, huandika ujumbe kwenye kumbukumbu na kurudisha kosa. Inafanya vizuri kukataa. Kidhibiti kingine kinaweza kujaribu hila ya SMBus, yaani kushikilia SCL chini makusudi kupita milisekunde 35 ili vifaa vyote vyenye sharti hilo vijirudishe. Hila hiyo ni nzuri kwa SDA iliyokwama, vifaa vikiwa ni vya SMBus. Kwa vya I2C tupu haina athari yoyote.

Pini ya riseti ni safi: inamlenga mmoja na kumwacha mwenzake. Ila vihisi vingi vya bei nafuu havina pini hiyo, na vinapokuwa nayo, mara nyingi mchoraji wa bodi ameifunga kwenye reli ya umeme kwa rizista ili kuokoa pini ya prosesa. Draiva haiwezi kuendesha waya ambao haukuchorwa.

Hapo ndipo umeme unapokatwa, na wengi huamini kwamba hilo haliwezi kushindwa. Linashindwa. Ukizima reli ya chipu lakini rizista za kuvuta juu zikabaki na umeme wake, mkondo hupenya kupitia pini za SDA na SCL, hupita kwenye daiodi za ulinzi, na kuilisha chipu uliyodhani umeizima. Volti zake hazishuki vya kutosha, mzunguko wake wa kujiweka mwanzo haufanyi kazi, na umeme ukirudi inaendelea pale ilipoishia, bado imeshika SDA. Kukata umeme kunakofaa hukata chipu pamoja na rizista, na husubiri mpaka volti zimeanguka kweli.

Kuna gharama nyingine. EEPROM huchukua hadi milisekunde 5 kuhifadhi ukurasa ndani yake. Umeme ukikatika humo, ukurasa huo hauaminiki tena. Vifaa vyote kwenye reli hupoteza mipangilio: kihisi kinarudi kwenye kasi na kipimo cha kiwandani, na saa ya bodi isiyo na betri inaanza kuhesabu upya. Na ikiwa chipu ya kusimamia umeme inaamriwa kupitia njia ileile iliyokwama, amri ya kukata umeme haitafika. Mkato lazima uwe na waya wake.

Hapa panaonekana kasoro ya mpangilio wa draiva wenyewe. Anayekwamua ni draiva ya kidhibiti, lakini anayejua kifaa kilipangwaje ni draiva ya kifaa, iliyo tabaka la juu. Katika Linux, draiva ya kihisi hupata msimbo wa kosa tu. Haiambiwi kwamba njia ilikwamuliwa wala kwamba huenda kihisi kimesahau kila kitu. Ikirudia ombi lake na kupata jibu, inaona mambo yako sawa, kumbe inasoma vipimo vya kipimo kingine. Ni afadhali draiva ya kihisi isome rejista moja ya mipangilio baada ya kila kosa, ilinganishe na ilichoandika, na ipange upya ikibidi.

Msaada kutoka kwenye bodi

Mengi ya hayo yangeweza kumalizwa na mchoraji wa bodi. Maltipleksa kama TCA9548A ya Texas Instruments hugawa njia moja kuwa nane na ina pini ya riseti; tawi moja likikwama, riseti hulitenga, na matawi saba yanaendelea. Chipu kama LTC4307 hukaa kati ya kidhibiti na vifaa, na zikiona waya umekuwa chini kwa milisekunde 30 hivi hukata kiungo na kutoa zenyewe hadi mapigo 16 upande wa vifaa. Kwa mfumo wa bodi za kuchomeka na kuchomoa, gharama hiyo inajilipa. Kwa kifaa cha bei ndogo chenye kihisi kimoja, haijilipi. I3C, mrithi wa I2C kutoka MIPI, imeondoa ruhusa ya kifaa kushikilia saa na imeweka mlolongo rasmi wa kukirudisha kifaa mwanzo kupitia nyaya zilezile, lakini vifaa vya zamani vitaendelea kuwapo kwenye bodi zetu kwa muda mrefu.

Msimbo usiojaribiwa

Njia ya kukwamua ni sehemu ya draiva inayotumika mara chache na kujaribiwa mara chache zaidi. Wengi huijaribu kwa kugusisha SDA kwenye ardhi kwa kipande cha waya, na jaribio hilo linadanganya: waya hauachii SDA ukihesabu mapigo tisa. Draiva ya `i2c-gpio` katika Linux ina kichokozi cha makosa kilichoandikwa na Wolfram Sang, mtunzaji wa I2C wa kerneli hiyo. Kinaweza kushika SCL, kushika SDA, kukata mazungumzo katikati ya anwani, na kuyakata katikati ya kuandika baiti. Hilo la mwisho, `incomplete_write_byte`, ndilo linalowaumbua wanaotoa mapigo matupu, kwa sababu rejista 0x00 ya kifaa hubadilika mbele ya macho yao. Lijaribu kwenye kifaa ambacho hutajuta kikiharibika.

Hukumu

Nikipima yote, naiunga mkono kambi ya pili. Draiva isome nyaya kwanza. SDA na SCL zikiwa juu na kidhibiti kinadai njia ina shughuli, kirudishwe mwanzo kidhibiti, na nyaya zisiguswe. SDA ikiwa chini na SCL iko juu, itoe mapigo hadi tisa, kila moja likibeba ishara ya kumaliza, na isimame mara SDA inapobaki juu. SCL ikiwa chini kupita muda uliopangwa, iende kwenye riseti, na ikikosekana iende kwenye umeme, pamoja na rizista. Wakati wa kuwaka, ambapo hakuna mazungumzo ya kuharibu, ukaguzi huo ufanywe daima, kwa kuwa prosesa iliyowashwa upya haiwezi kujua ilikatiza nini. Penye vidhibiti viwili, isubiri kwanza milisekunde 35.

Mapigo tisa yasitupwe. Kwa hitilafu ya kawaida kuliko zote hayana mpinzani. Ila yasiwe jibu la kila swali, na yasitolewe kimya. Kila njia inapokwamuliwa, draiva iandike kwenye kumbukumbu waya gani ulikuwa chini na ulichukua mapigo mangapi kuachia. Bodi inayokwamuliwa mara kumi kwa saa ina rizista mbaya, nyaya ndefu au kelele ya mota, na fundi hawezi kuitengeneza ikiwa draiva inamficha.

Na kwa mchoraji wa bodi ijayo: acha pini moja ya prosesa kwa ajili ya riseti ya vifaa vya I2C, na nyingine ya kukata reli yao pamoja na rizista za SDA na SCL.